Majeshi ya Juu ya Meza

Wazazi wengi siku hizi wanalalamika kwamba vijana wao hawatoki vitani. Si vita vya kweli, Alhamdulillahi, bali vile vya simu, ambavyo mtoto akiwa amelala juu ya mkeka huua watu mia kabla ya adhana ya Magharibi, na akiitwa kula husema, "Ngojeni kidogo." Malalamiko hayo tunayajua, wala si makusudio yetu leo kuyarudia. Twataka kueleza khabari ya mchezo mwingine wa vita, ambao kwetu haujulikani sana, lakini Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani una watu wake wengi, tena wengi wao ni watu wazima wenye wake na watoto. Mchezo huo hauendi mbio. Mwenye kuucheza hukaa saa nzima ya usiku mbele ya askari mmoja tu, mwenye kimo cha pingili ya kidole gumba, akimpaka rangi vifungo vya koti lake. Na juma likiisha huwapa wenzake hesabu ya wangapi amewamaliza.

Mchezo wenyewe ni huu. Juu ya meza kubwa hutandazwa nchi nzima: vilima vya mbao nyepesi, mito ya kitambaa, miti ya sponji na waya, nyumba za kadibodi. Wachezaji wawili huyapanga majeshi yao pande mbili, kila askari akiwa sanamu ya madini au ya plastiki, yenye urefu wa milimita 28 hivi, na kila kundi lina mwendo wake unaopimwa kwa rula; askari wa miguu huenda inchi chache, na wapanda farasi huenda zaidi. Mwenye kuijua sataranji ataona kwamba mchezo huu ni ndugu yake, na kweli ni ndugu. Kwani sataranji nayo ilikuwa jeshi la Wahindi, la tembo na farasi na magari na askari wa miguu, kabla Waajemi hawajaichukua, kisha Waarabu wakaipokea kwa Waajemi, na Wazungu wakaipokea kwa Waarabu. Lakini katika sataranji hakuna anayeogopa. Kete haikimbii. Katika mchezo huu wa meza, kundi lililopoteza watu wengi hulazimishwa na kanuni kupimwa ushujaa wake, na mara nyingi hugeuka likakimbia, hata kama jemadari wake bado anataka lipigane.

Asili yake ni jeshini. Mwaka 1812 mtumishi mmoja wa serikali ya Prussia, Baron von Reisswitz, alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza ya vita yenye vipande vya nchi vya kupangwa na kupanguliwa. Na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, akatoa kanuni mpya za kuchezea juu ya ramani, pamoja na mwamuzi aliyekaa katikati akimficha kila mmoja yale ambayo macho yake hayangeweza kuyaona vitani. Wakuu wa jeshi la Prussia waliupenda mno, wakawaamuru maafisa wao waucheze. Basi mchezo huo ulikuwa darasa la kuua watu, na tusiufiche ukweli huo.

Ama aliyeuingiza majumbani kwa furaha ni mwandishi wa hadithi wa Kiingereza, H. G. Wells. Tangu mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilikuwa ikimimina askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na rahisi kwa bei, hata nyumba nyingi zenye watoto wa kiume zikawa na jeshi. Mwaka 1913 Wells alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, akaeleza namna yeye na marafiki zake, watu wenye ndevu na vyeo, walivyokuwa wakitambaa sakafuni wakipiga askari hao kwa mizinga midogo ya springi iliyorusha kijiti. Aliyeangushwa na kijiti amekufa. Na mwishoni mwa kitabu akasema jambo ambalo watu hawakulitazamia katika kitabu cha mchezo: kwamba anayevipigana vita vidogo mara tatu au nne hutambua jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi na maangamizi, na kwamba ingekuwa kheri wapenda vita wote wafungiwe chumbani na askari wao wa risasi, wawaache walimwengu wengine katika amani. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikubwa vilizuka.

Bwana huyu huyu alikuwa na jambo jingine la ajabu. Mwaka 1903 aliandika hadithi ya magari makubwa ya chuma yanayotambaa juu ya mahandaki ya askari na kuwapiga risasi waliomo. Watu waliisoma kama ndoto. Miaka 13 baadaye, tarehe 15 Septemba 1916, magari ya namna hiyo yalitoka katika ukungu wa alfajiri huko Ufaransa, katika vita vya Somme. Lile la kwanza lilikuwa na tani 28 na watu 8 tumboni mwake, na mwendo wake haukuzidi wa mtu anayetembea kwa haraka. Mengi yaliharibika njiani kabla ya kumfikia adui. Walipokuwa wakiyaunda katika mji wa Lincoln, Waingereza waliificha siri kwa kuwaambia watu kwamba yale ni matangi ya maji ya kupelekwa Iraq, na jina la tangi likaganda mpaka leo katika lugha yao. Waswahili hawakudanganyika na maji hayo. Walikitazama kitu chenyewe, ngozi yake nene, pembe yake mbele, na ghadhabu yake isiyogeuka, wakakiita kifaru. Nasi twaona jina letu ni la kweli kuliko lao.

Sasa turudi kwa mtu wetu na meza yake. Tumchukue anayetengeneza kifaru cha Sherman, kilichoundwa Marekani, nao Waingereza wakakitia vitani kwa mara ya kwanza huko El Alamein, nchi ya Misri, Oktoba 1942. Cha kweli kilikuwa na urefu wa karibu mita 6, uzito wa tani 30, na watu 5. Cha mezani hupunguzwa mara 35, kikabaki na urefu wa sentimita 17 hivi. Msomaji akiuliza kwa nini 35 wala si 30 au 40, jawabu lake linachekesha. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kwa biashara ya mbao, ilitaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoa kifaru cha plastiki kinachotembea chenyewe. Wakakipima kiweze kubeba betri na mota ndani yake, na kipimo kikatoka 35. Wengine wakafuata. Hivyo vifaru vya wachezaji wa dunia nzima vimekatwa kwa kadiri ya betri.

Sanduku likifunguliwa hapatoki kifaru. Hutoka fremu za plastiki zenye vipande vingi vilivyoshikana kama matunda na vikonyo vyake, pamoja na karatasi ya michoro. Kila kipande hukatwa kwa koleo ndogo, kikonyo kilichobaki hulainishwa kwa kisu na msasa, kisha kipande hujaribiwa mahali pake kikiwa kikavu, mara mbili na mara tatu, kabla gundi haijaguswa. Gundi ya kazi hii si kama ya karatasi. Yenyewe huyeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikaungana kama chuma kilichochomelewa. Ikizidi tone moja, alama ya kidole hubaki katika bati la kifaru milele. Harufu yake si njema kwa kifua, kwa hivyo dirisha huwa wazi hata wakati wa baridi.

Juma la kwanza huwa la furaha, kwa kuwa mwili wa kifaru husimama upesi. Juma la pili ni la magurudumu. Sherman ina magurudumu 12 ya kutembelea, sita kila upande, mbali na yale ya kuzungusha minyororo na yale madogo ya kuishikilia kwa juu, na kila moja hutaka kukatwa, kupigwa msasa na kusafishwa kama mwenzake. Hakuna sifa katika kazi hiyo, kwani yakishawekwa hayaonekani vizuri. Wenye uzoefu husema kwamba hapa ndipo wengi wanapokifunga kisanduku na kukirudisha juu ya kabati, na sisi tunasadiki, kwa sababu tunajua sura gani ya Juzuu watoto wetu huikimbia.

Akiyavuka magurudumu, huja rangi. Kwanza hupakwa rangi moja nyepesi ya kijivu au nyeusi, ili rangi za baadaye zipate pa kushika. Kisha rangi ya mchanga, kwa kuwa kifaru hiki ni cha jangwani. Nayo hupakwa nyembamba, mara nyingi, wala si nzito mara moja, kwani rangi nzito huziba misumari na mikunjo yote iliyochongwa. Ikikauka hupitishwa maji maji ya rangi ya hudhurungi, ambayo hukimbilia yenyewe katika nyufa na pembe na kukaa humo kama kivuli. Kisha ufundi wa kinyume chake: brashi huchovywa katika rangi nyeupe ya mchanga, hufutwa katika kitambaa mpaka iwe karibu kavu kabisa, halafu hupapaswa juu ya kingo, nazo kingo zikang'aa kana kwamba jua la Misri linazipiga. Mtu aliyetazama dakika moja iliyopita akiona plastiki sasa huona chuma. Vibandiko vya namba na alama hulowekwa majini, huteleza kutoka karatasini na kukaa mahali pake. Na mwisho vumbi, kutu kidogo penye minyororo, na mafuta yaliyomwagika karibu na injini.

Kazi ya askari ni ile ile, ila ni ndogo zaidi na huumiza macho. Askari hubandikwa juu ya kizibo cha chupa ili asishikwe mwilini. Uso wake hupakwa kabla ya nguo, nguo kabla ya mikanda, na mikanda kabla ya bunduki, kwani brashi ikikosea huweza kufichwa na rangi inayofuata. Macho huachwa na wengi, na wanaoyatia hutumia ncha ya brashi yenye nywele chache tu, huku wakizuia pumzi. Mtu mwenye kazi yake ya mchana, akipata saa moja au mbili za jioni, akimaliza askari 10 kwa juma amefanya kazi njema.

Tunaipenda khasa ile hesabu ya juma. Watu wa mchezo huu wana ugonjwa wao, nao wanaukiri wenyewe: kununua. Sanduku jipya lina picha nzuri, na mkono hulipa upesi kuliko unavyopaka rangi. Basi makabati hujaa masanduku yasiyofunguliwa, nao wanaliita rundo hilo kwa lugha yao lundo la aibu. Dawa waliyoizua baadhi yao ni kuweka daftari: mwisho wa kila juma huandika upande mmoja alivyonunua, na upande wa pili alivyomaliza, na daftari husomwa mbele ya wenzake. Wengine wamejifunga kwamba hawanunui askari mpya mmoja mpaka wamepaka wa zamani mmoja. Kanuni hiyo tuliijua kabla ya kusikia khabari za Uingereza. Chuoni kwetu mtoto haandikiwi aya mpya katika ubao mpaka amezisoma zile za kwanza mbele ya mwalimu bila kutazama. Hapo ndipo ubao unapooshwa. Asiyeweza huendelea na ubao wake ule ule, Jumamosi na Jumapili na Jumatatu, na hakuna baba awezaye kumnunulia ubao wa pili.

Hapa msomaji atauliza mambo mawili, na ni haki yake. La kwanza ni sanamu. Kifaru, nyumba, mti na mto havina roho, na havina neno. Sanamu za watu ni jambo ambalo wanavyuoni wamelizungumza sana. Wako walioruhusu za kuchezea watoto kwa riwaya ijulikanayo ya wanasesere wa Bibi Aisha na farasi wake mwenye mbawa, na wako waliokaza. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake, kwani sisi hatutoi fatwa katika makala ya mchezo. Twasema hili tu, kwamba anayejiepusha na sanamu anaweza kutengeneza vifaru umri wake wote asimguse hata mtu mmoja. Na masanduku mengi huja na kifaru pekee. La pili ni dadu, ambazo wengi wa wachezaji wa sasa hukata nazo mapigano. Mafakihi wengi wamelikaza jambo la dadu hata pasipo na fedha. Lakini dadu si nguzo ya mchezo huu. Vita vya Wells havikuwa na dadu. Kijiti chake cha springi kilitosha, na mapigano ya mkono kwa mkono aliyakata kwa hesabu ya watu wa pande mbili.

Tumekwisha kusema kwamba mchezo ulizaliwa ili kufundisha vita. Je, haumfundishi kijana kuvipenda? Wako watakaovipenda, kama wapo wanaopenda panga kwa kung'aa kwake. Lakini tuipige hesabu moja pamoja, msomaji, kwa ule mwendo wa askari 10 kwa juma. Siku ya kwanza ya vita vya Somme, tarehe 1 Julai 1916, miezi miwili na nusu kabla ya vifaru kutokea, Waingereza waliouawa walikuwa 19,240. Mchoraji wetu akitaka kuwatengeneza hao peke yao, kila mmoja na uso wake na vifungo vyake, atahitaji majuma 1,924, yaani miaka 37. Akianza akiwa kijana wa miaka 18, atamweka wa mwisho mezani akiwa na miaka 55, na macho yake yakiwa yameshataka miwani. Nao ni wafu wa jeshi moja, kwa siku moja. Hatukuwahesabu Wajerumani waliouawa siku hiyo, wala majeruhi wa Kiingereza, waliozidi 35,000, wala siku iliyofuata.

Mtoto wa simu hawezi kuiona hesabu hii. Wale mia aliowaua kabla ya Magharibi hakuwafanya yeye. Walikuja wenyewe, na kesho watakuja tena. Aliyekaa saa nzima na mtu mmoja mikononi mwake, kisha akalazimika kumwondoa mezani kwa pigo moja, mkono wake husita kidogo. Kusita huko ndiko tulikokutaka, na ndiko kunakotufanya tuseme kwamba mzazi mwenye kijana mwepesi wa mikono asiukimbize mchezo huu nyumbani kwake. Gharama yake ni kubwa kwetu, hatukatai, kwani sanduku na rangi na brashi hutoka mbali. Lakini vijana wetu ambao tangu zamani wameunda malori kwa mabati na waya, na magurudumu yake kwa kandambili zilizochakaa, hawana haja ya kufundishwa kuunda. Kadibodi nzuri, kisu, gundi, rula na subira vyatosha kwa kifaru cha kwanza. Kinachobaki ni daftari, na mtu wa kulisoma mwisho wa juma.

Na ni vizuri kila anayeunda asome khabari za kitu anachokiunda. Aliyeunda Sherman kwa mikono yake atajua kwamba risasi za mzinga zilipangwa pembeni, juu ya minyororo, nyuma ya bati ambalo mzinga wa adui uliweza kulitoboa, na kwamba zikiguswa zilishika moto. Ndiyo sababu baadaye Wamarekani walizihamisha chini na kuzizungushia maji. Atajua kwamba watu 5 walikuwa na milango michache ya kutokea. Mezani, kifaru kikipigwa huwekewa kipande cha pamba iliyopakwa weusi, kiwe moshi, na mchezo ukiisha pamba hutolewa.

Huko El Alamein kuna makaburi ya wanajeshi wa Uingereza na wenzao zaidi ya 7,000, na mamia kati yao hayana jina. Majeshi yale, ya Waingereza na ya Wajerumani na Waitaliani, yalizika mabomu mengi sana katika mchanga ili kuzuia vifaru, kisha yakaenda zake bila ya kuyafukua yote. Vita hivyo vilikwisha Novemba 1942. Mabedui wa jangwa la magharibi la Misri, ambao vita havikuwa vyao, waliendelea kuuawa na kukatwa miguu na mabomu hayo kwa miaka mingi baadaye, wakiwa nyuma ya mbuzi na ngamia wao, na wengine walikuwa watoto.